Ununuzi wa Msukumo, Si wa Pupa

Kiingereza kina istilahi "impulse buying": kununua kitu ambacho dakika chache kabla hukuwa na nia nacho. Kwa Kiswahili wengine husema ununuzi wa ghafla, wengine ununuzi wa pupa, na wakali husema tamaa. Mimi nashika "ununuzi wa msukumo".

"Ghafla" haitoshi. Mzazi anayekimbilia duka la dawa usiku kwa sababu mtoto kashikwa na homa amenunua ghafla, na hakuna wa kumlaumu. "Pupa" nayo inahukumu kabla ya kueleza, kana kwamba mwenye kipato kidogo kafukarishwa na roho yake mwenyewe. Neno la Kiingereza lenyewe asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusukuma. Palipo na msukumo, pana kinachosukuma.

Hawkins Stern alilionyesha hilo mwaka 1962 katika jarida la Journal of Marketing. Aliugawa ununuzi huu katika aina nne: usiofikiriwa kabisa, wa kukumbushwa, kama unapoiona sabuni dukani ukakumbuka ya nyumbani imeisha, wa kushawishiwa na kitu kigeni, na wa yule anayekwenda dukani akiwa tayari kununua, ila anaacha punguzo la bei limchagulie. Msomaji wake alikuwa mfanyabiashara. Yaani msukumo hupangwa na muuzaji: rafuni, dirishani mwa daladala, na sasa kwenye simu, ambako hata salio likipungua, huduma kama Fuliza ya Kenya humkopesha mteja hapohapo ili malipo yapite.

Anayelipwa kwa siku, awe dereva wa bodaboda au mbeba mizigo sokoni, hukutana na msukumo huo kila jioni, pesa ikiwa mkononi. Kodi ya chumba, kwa upande mwingine, Dar es Salaam mara nyingi hudaiwa ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Elfu mbili ya leo haifanani hata kidogo na kodi, kwa hiyo huonekana haina kazi. Hapo ndipo inapoponyoka.

Waswahili tuna kauli ya kuizuia: "Hela hii ina kazi." Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliona nguvu ya kuipa pesa kazi magharibi mwa Kenya, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013. Wanachama wa vikundi vya kuchangiana walipewa kisanduku cha chuma na kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe, waweke akiba ya afya. Akiba hiyo ilipanda kwa asilimia 66. Kisanduku ambacho ufunguo wake ulishikwa na mtu wa mradi hakikuleta faida kama hiyo kwa watu wengi. Sioni ajabu: maskini hawezi kuifungia mbali pesa ambayo kesho huenda akaihitaji hospitalini. Kuchangiana ndani ya kikundi kulileta matokeo makubwa sana, na hilo wanachama wa upatu na VICOBA hawahitaji kuelezwa.

Wahariri na walimu wa ujasiriamali, andikeni "ununuzi wa msukumo" na muache kuwaita watu wenye pupa. Nawe unayelipwa kwa siku, ipe hela ya kodi kazi yake kabla hujaondoka kijiweni: itie kibubuni ufikapo nyumbani, au mkabidhi mweka hazina wa kikundi jioni hiyohiyo.