Sonona, Simu na Mtu wa Upande wa Pili: Historia Fupi ya Tiba ya Nafsi Mtandaoni

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kuomba kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi yake. Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu alipopata ajali ya bodaboda, yapata miaka miwili sasa, na usingizi ulikuwa umempaa. Rafiki yake alikuwa amemwelekeza kwenye programu ya simu inayojinadi kutibu wasiwasi, sonona na maumivu sugu. Nilipomwuliza imemsaidiaje, alinijibu: "Dokta, kila siku inaniuliza kama nina huzuni. Mimi sina huzuni. Nina mawazo."

Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba "kuwa na mawazo" si kufikiri tu. Ni kulemewa, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula, huku kichwa kikizunguka jambo lile lile pasipo kupata mlango wa kutokea. Programu ile haikulijua neno hilo. Nilimwongezea muda, nikamsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi. Hata hivyo, nilibaki na maswali ya kihistoria: zana hizi zilizaliwa wapi, zilitengenezwa kwa ajili ya nani, na zimethibitisha nini? Mimi si tabibu. Lakini kwa kuwa zana hizi zinazidi kutajwa kuwa jibu la uhaba wa watoa tiba, ni vyema tukaijua safari yake kabla hatujazikabidhi watu wetu.

Safari hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Weizenbaum alizaliwa Berlin na kukimbia utawala wa Wanazi pamoja na familia yake angali mtoto. Programu yake ilimwiga tabibu kwa hila nyepesi: ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Aliyeandika kwamba ana huzuni aliulizwa kuhusu huzuni yake. Aliyemtaja mama yake aliulizwa kuhusu familia yake. Haikuelewa lolote. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi kadhaa, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani ili awe faraghani. Jambo hilo lilimshtua Weizenbaum, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 alisisitiza kwamba zipo kazi ambazo kompyuta haipasi kupewa hata kama inaweza kuzifanya.

Mwaka ule ule wa 1966, daktari wa magonjwa ya akili Kenneth Colby na wenzake walichapisha hoja iliyo kinyume. Walisema kwamba kwa kuwa watoa tiba ni wachache, kompyuta moja ingeweza siku moja kuwahudumia mamia ya wagonjwa kwa saa. Tangu siku ya kwanza, basi, mjadala ulikuwa huu tunaousikia leo. Upande mmoja una hoja ya uhaba, na upande wa pili una swali la nani anayesikiliza.

Kilichoiwezesha tiba hii kuingia kwenye skrini ni mabadiliko ya tiba yenyewe. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari huko Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wa sonona hutawaliwa na fikra za kujishusha zinazokuja zenyewe, na kwamba mtu anaweza kufundishwa kuzitambua na kuzipima. Tiba ya fikra na tabia iliyokua kutokana na kazi hiyo inafanana na darasa: ina masomo yenye mpangilio, mazoezi ya nyumbani na daftari la kumbukumbu. Wakati huo huo, mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza nadharia ya lango: kwamba taarifa za maumivu hupita katika uti wa mgongo kama kwenye lango linaloweza kufunguliwa au kufungwa, na kwamba ubongo nao, pamoja na hofu na matarajio yake, una mkono katika lango hilo. Kwa mantiki hiyo, mgongo wa mwanafunzi wangu na mawazo yake si mambo mawili yasiyohusiana. Ndiyo sababu wasiwasi, sonona na maumivu sugu hukutwa pamoja katika programu hizi.

Intaneti ilipoenea, masomo hayo yakahamia huko. Uholanzi na Sweden zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia, katika miaka ya 1990. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilifungua MoodGYM, programu ya bure ya kuzuia na kupunguza sonona. Mwaka 2006 chombo cha Uingereza kinachoishauri huduma ya afya ya taifa kilipendekeza programu mbili: Beating the Blues kwa sonona na FearFighter kwa hofu na mshtuko. Mwishoni mwa 2012 Australia ilianzisha MindSpot, kliniki ya taifa isiyo na jengo la wagonjwa, yenye kozi za masafa na watoa tiba wanaowapigia watu simu.

Je, zilifaa? Historia inatoa jibu lenye pande mbili, na anayenukuu upande mmoja tu anatupotosha. Majaribio mengi yameonyesha kwamba programu hizi hupunguza wasiwasi na sonona, hasa pale anapokuwepo mtu anayemfuatilia mgonjwa, hata kwa dakika chache kwa wiki. Lakini mwaka 2015 jarida la BMJ lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza lililowahusisha wagonjwa 691 wa sonona. Baadhi yao waliongezewa Beating the Blues au MoodGYM juu ya huduma ya kawaida ya daktari wao, na wengine walibaki na huduma hiyo peke yake. Baada ya miezi minne programu hizo hazikuonekana kuongeza faida ya maana. Wengi hawakuyamaliza masomo. Huenda kasoro haikuwa katika masomo yenyewe, kwani masomo hayo hayo yalikuwa yamefanya vizuri kwingine. Pengine kilichopungua ni msaada wa karibu zaidi kuliko simu fupi za kila wiki walizopigiwa kuwahimiza.

Sasa tuje kwetu. Historia ya tiba ya akili katika Afrika Mashariki ilianza kwa kufungia watu: Mathari, Nairobi, mwaka 1910, kisha Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Hadi leo majina hayo ni matusi ya mtaani, na aibu hiyo inawazuia wengi kutafuta msaada. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika na kuifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti iliyoigeuza Mau Mau, harakati ya kudai ardhi na uhuru, kuwa tatizo la saikolojia. Dai lake lilivunjwa na takwimu: mwaka 1979 John Orley na John Wing walionyesha kwamba sonona katika vijiji viwili vya Uganda ilikuwa nyingi kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Maumivu yalikuwepo. Hayakuwa na msikilizaji.

Waliokuja kusikiliza walianza na lugha. Nchini Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha vijiji 30 vya Masaka na Rakai lilianza kwa kuwauliza wenyeji wanaitaje hali hiyo. Wakataja, kwa Kiganda, kujichukia na kujihurumia. Vikundi viliongozwa na wakazi wa hapo hapo waliofunzwa kwa wiki mbili tu, na sonona ilipungua kwa kiasi kikubwa. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 benchi la urafiki, ambapo wahudumu wa jamii, wengi wao mabibi, huketi na wagonjwa nje ya zahanati. Neno walilolitumia ni la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni "mawazo" yale yale ya mwanafunzi wangu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba benchi hilo linasaidia.

Lipo pia suala la siri. Nchini Finland, mwaka 2020, kumbukumbu za tiba za maelfu ya wateja wa kampuni moja zilizoibwa mtandaoni zilitumiwa kuwatishia wagonjwa wenyewe ili walipe fedha. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliishtaki kampuni kubwa ya tiba mtandaoni kwa kugawa taarifa za wateja wake kwa watangazaji, na kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 7.8. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai tangu ukoloni. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba mnamo Januari 2025. Programu inayomwuliza kijana kama amewahi kujaribu kujiua inamwomba kukiri kosa kwa maandishi, na huenda maandishi hayo yanatunzwa nje ya nchi.

Sisemi tuzikatae zana hizi. Mwenye maumivu sugu aliye mbali na mji, au anayeogopa kuonekana akiingia kliniki ya akili, anaweza kunufaika nazo. Nawaomba watumishi wa umma watakaoletewa mikataba ya kusaini waulize mambo manne. Je, masomo yametungwa kwa Kiswahili cha watu, au yametafsiriwa tu? Nani atampigia simu mgonjwa, na analipwa na nani? Siri zake zinatunzwa wapi, na chini ya sheria ipi? Na akizidiwa saa nane za usiku, ataupata msaada wa nani? Ikiwa swali la pili halina jibu, fedha hizo ni afadhali wakalipwe wahudumu wa afya ya jamii. Wanaharakati nao wana kazi yao: kifungu kile cha Kanuni ya Adhabu kifutwe.

Mwanafunzi wangu aliiwasilisha kazi yake wiki tatu baadaye. Mgongo bado unauma, ila analala. Programu bado anayo na anafanya mazoezi yake ya kupumua. Ila kila Alhamisi huenda kwa mshauri, kwa sababu, kama alivyoniambia, yule anajua mawazo ni nini.