Bei ya Motokaa na Hukumu ya Njia

Buigiri ni kijiji cha Ugogo, kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Morogoro. Mvua ya nchi hiyo ni ya msimu mmoja, nayo kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka ikawa ngumu kama tofali, na vumbi huandama kila kipitacho. Mvua zinyeshapo, udongo mweusi wa mbugani hugeuka tope linatalo, na korongo lililokuwa kavu asubuhi huweza kufurika kabla ya jua kuchwa. Kabla barabara kutiwa lami, dereva aliyepita katika nchi ya namna hii hakuulizwa motokaa yake ilinunuliwa kwa fedha ngapi. Aliulizwa jambo moja tu, kama iliweza kupita.

Hukumu hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa hadharani, si mbali na Buigiri. Huko Kongwa, kuanzia mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mitambo mizito ili kulima karanga kwa wingi usiopata kuonekana. Udongo ulishupaa, mvua ikakosekana, vyuma vikavunjika. Na mpango ulipoachwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Thamani ya mashine haikuisaidia kitu mbele ya ardhi ambayo wenyeji waliijua na wageni hawakuiuliza.

Katika miaka hiyo palizuka Kenya wazo la kuzipima motokaa kwa kipimo hicho hicho cha nchi. Neil Vincent, mpenda mashindano, alikuwa amechoka kuzunguka katika uwanja mmoja wa mbio, akataka safari ndefu ya kukata nchi na kurudi. Jamaa yake Eric Cecil alilichukua wazo hilo akalitengeneza, na kwa kuwa Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa karibu kutawazwa, mashindano ya Mei na Juni 1953 yakaitwa Safari ya Kutawazwa. Njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Lililo kubwa zaidi katika mwanzo huo ni kanuni ya kuyagawa magari. Ulaya ilikuwa desturi kuyapanga kwa ukubwa wa injini. Waanzilishi wa Safari waliyapanga kwa bei ya dukani, kila motokaa ikashindana na zile ambazo mnunuzi angeweza kuzipata kwa fedha kama hizo. Tena zilitakiwa ziwe motokaa za kawaida, kama zilivyouzwa kwa watu. Kanuni hii ilikuwa na busara ndani yake. Haikuuliza ni motokaa gani ishindayo nyingine zote duniani. Iliuliza mwenye fedha kidogo apata nini kwa fedha yake, na mwenye nyingi apata nini zaidi.

Matokeo yake yaliwatatiza watu waliozoea kumshangilia mshindi mmoja. Mwaka 1953 hakutangazwa mshindi wa jumla. Alan Dix na Johnny Larsen walirudi na alama chache kabisa za adhabu, nao waliendesha Volkswagen ndogo, lakini kwa mujibu wa kanuni ushindi ulikuwa wa daraja, si wa wote. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walitambuliwa kuwa washindi, nao pia kwa Volkswagen. Hata hivyo hoja haikuisha, kwani mwaka 1958 pia taji la jumla halikutolewa, wakatajwa washindi wa madaraja peke yao. Basi kwa miaka kadhaa mashindano yalivutwa huku na huku kati ya haki ya kulinganisha walio sawa na tamaa ya kumwona mmoja juu ya wote.

Hapana budi kukiri kwamba haki hiyo ilikuwa na mpaka wake. Daraja la chini kabisa lilikuwa la chini kwa mwenye duka, karani mkubwa au mlowezi. Kwa mkulima wa Ugogo, aliyetegemea mtama, uwele na mifugo, motokaa ya bei ndogo na ya bei kubwa zilikuwa mbali naye sawasawa. Njia ilikuwa ya nchi yake, lakini kipimo cha madaraja hakikuwa na nafasi yake.

Na bado kanuni ya motokaa za kawaida ilizaa faida iliyovuka mpaka huo. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, tena kwa Peugeot 404. Na mwaka 1968, magari yaliyomaliza yalipokuwa 7 kwa mara ya pili, Nowicki na Cliff wakarudia ushindi wao kwa aina ile ile. Motokaa hiyo ilikuwa ya familia, na ndugu zake wenye mwili mrefu walibeba abiria na mizigo katika barabara za Afrika Mashariki. Asiyeweza kuinunua aliweza kulipa nauli akapanda. Kwa hiyo habari ya kwamba imestahimili tope ilimhusu yeye pia.

Uhusiano huo ulianza kukatika ushindi ulipopata thamani kubwa kwa viwanda vya ng'ambo. Mwaka 1971 na 1973 aliyeshinda aliendesha Datsun 240Z, motokaa ya michezo yenye viti viwili. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Na kuanzia 1974 ikabaki mali ya Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa nje ya njia zake. Madaraja yaliendelea kuwapo, lakini bei ya dukani haikuwa tena mizani yake, na mtazamaji kando ya barabara hakuweza kusema kwamba kipitacho mbele yake ndicho kitakachomchukua kesho sokoni.

Mashindano hukumbukwa kwa majina ya washindi. Ya Safari yastahili kukumbukwa pia kwa swali lake la mwanzo, kwa kuwa lilikuwa swali la watu wengi kuliko walioshindana. Buigiri sasa ina barabara ya lami, na mabasi huipita mvua ikinyesha au isiponyesha; lakini apandaye basi hilo, akizihesabu shilingi za nauli mkononi, angali akiuliza lile lile: kwa fedha hii, nitafika?