Usajili wa Magari ya Kale Ujerumani

Gari la kale, kwa sheria ya Ujerumani, ni lile lililosajiliwa kwa mara ya kwanza miaka 30 iliyopita au zaidi, ambalo kwa sehemu kubwa bado liko kama lilivyotoka kiwandani, limetunzwa vizuri, na linasaidia kuhifadhi urithi wa ufundi wa magari. Masharti hayo manne huenda pamoja. Mkweche wa miaka 40 uliotobolewa na kutu hautimizi sharti la matunzo, na gari zuri la miaka 28 halina budi kusubiri.

Mwenye gari la namna hii ana njia kadhaa za kulisajili: namba za kawaida kama za gari lolote, bamba lenye herufi H, bamba jekundu linaloanza na 07, na bamba la msimu, ambalo huweza kuunganishwa na namba za kawaida au na H. Wengi huomba H mara tu gari linapotimiza miaka 30, kana kwamba ni haki ya kuzaliwa. Wengine hujikuta wanalipa kodi kubwa kuliko waliyokuwa wakilipa awali. Umri ni sharti la kuingia tu. Chaguo lenyewe linategemea ujazo wa injini, usafi wa moshi, na safari ambazo gari litafanya.

Bamba la H

Bamba hili lilianzishwa mwaka 1997. Kwa macho halitofautiani na bamba la kawaida: maandishi meusi juu ya nyeupe, ila H huchapwa nyuma ya tarakimu ya mwisho. Gari lenye H huendeshwa siku yoyote na popote. Sheria haiwekei kikomo cha kilomita, wala haikatazi kulitumia kwenda kazini, sokoni au kubebea maharusi kwa malipo. Kila baada ya miaka miwili hupelekwa kwenye ukaguzi wa usalama, kama gari jingine.

Faida zake ni mbili. Ya kwanza ni kodi ya mkupuo: euro 191.73 kwa mwaka kwa gari, na euro 46.02 kwa pikipiki, bila kujali injini. Senti hizo zisizo za kawaida zina historia fupi: zamani zilikuwa mark 375 na mark 90, zikabadilishwa kuwa euro bila kurekebishwa. Faida ya pili ni ruhusa ya kuingia katika maeneo ya hewa safi ya mijini, yaliyoanza Januari 2008 katika miji ya Berlin, Cologne na Hannover, na ambamo gari la kawaida huhitaji stika ya kijani kwenye kioo cha mbele. Gari la H huingia bila stika.

Kupiga hesabu ya kodi

Hapa ndipo uamuzi mwingi hufanyika, na karatasi moja na kalamu vinatosha. Kwa namba za kawaida, gari la zamani hutozwa kodi kwa kila cc 100 za injini au sehemu yake, na kiwango hupanda kadiri moshi unavyokuwa mchafu. Gari la petroli lisilo na kifaa cha kusafisha moshi hutozwa euro 25.36 kwa kila cc 100. La dizeli la aina hiyo, euro 37.58. Petroli ya kiwango cha usafi wa moshi kiitwacho Euro 1 ni euro 15.13, na ya Euro 2 ni euro 7.36 tu.

Chukua Mercedes 200 D ya umbo la W123, dizeli ya cc 1,988. Vipande vya mia ni 20, hivyo kodi ya kawaida ni euro 751.60 kwa mwaka. Kwa H inashuka hadi 191.73, na gari linaruhusiwa tena kuingia katikati ya mji, mahali ambapo dizeli yake chafu ingelizuia. Ford Mustang yenye injini ya V8 ya cc 4,942 ingelipiwa euro 1,268. Wenye magari kama haya hawana la kujiuliza, mradi gari lenyewe lipite kwa mkaguzi.

Sasa chukua Citroën 2CV ya cc 602. Vipande saba, euro 177.52. H ingemwongezea mwenyewe euro 14 na ushei kila mwaka, juu ya ada ya ukaguzi wa kuipata. Trabant 601, gari la Ujerumani Mashariki lenye injini isiyofika hata cc 600, hulipiwa euro 152.16 kwa namba za kawaida. Kwa petroli isiyosafishwa moshi, mpaka uko kwenye cc 700: chini yake H ni hasara ya kodi, juu yake ni nafuu. Hata hivyo, mwenye Trabant anayeishi ndani ya eneo la hewa safi anaweza kuamua kuilipa tofauti hiyo ndogo, kwa sababu bila H gari lake halipati stika na haliruhusiwi kutoka mtaani kwake.

Kundi linalohitaji uangalifu zaidi ni magari ya katikati ya miaka ya 1990, ambayo sasa yanafikisha miaka 30. Volkswagen Golf ya kizazi cha tatu ya mwaka 1996, petroli ya cc 1,595 iliyofikia Euro 2, hulipiwa euro 117.76 kwa mwaka na tayari ina stika ya kijani. H haimpi mwenyewe nafuu ya kodi wala ya njia. Inampandishia kodi kwa euro 74. Kwa petroli ya Euro 1 mpaka ni cc 1,200, na kwa Euro 2 ni cc 2,600. Mwaka baada ya mwaka magari yanayotimiza umri yanazidi kuwa safi, na H inazidi kuwa alama ya heshima kuliko njia ya kupunguza gharama. Anayeitaka kwa heshima hiyo hakosei, ilimradi ajue anachokilipia.

Mkaguzi anatazama nini

Ili kupata H au 07, gari hupitishwa kwa mtaalamu aliyeidhinishwa, kwa mfano wa mashirika ya ukaguzi ya TÜV au DEKRA, anayeandika ripoti rasmi ya ukale wake. Ripoti hii isichanganywe na tathmini ya thamani inayoombwa na kampuni za bima. Ni karatasi mbili zenye kazi mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mkaguzi hulizunguka gari polepole. Anasoma namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi. Anainua zulia kutazama sakafu ilivyochomelewa, anapiga tochi kwenye kingo za milango na chini ya matao ya magurudumu, kisha anafungua boneti kuhakikisha injini ni ya aina iliyowahi kufungwa kwenye modeli hiyo. Kuchakaa kwa uzee si kosa: kiti kilichopauka au rangi iliyofifia vinaruhusiwa. Anachokataa ni kutu inayokula mifupa ya gari, ajali iliyofichwa kwa lipu, na mabadiliko yasiyo ya zama zake.

Juu ya mabadiliko kuna kanuni inayowaokoa wengi. Kilichofanyiwa gari ndani ya miaka kumi tangu lisajiliwe, au ambacho kingeweza kufanywa wakati huo kwa vipuri vilivyokuwapo, kinahesabiwa kuwa sehemu ya historia yake. Rimu za aluminiamu za miaka ya 1970 kwenye gari la 1972 hazina tatizo, lakini rimu kubwa za mtindo wa leo hulikosesha H. Mikanda ya usalama iliyoongezwa baadaye inakubaliwa. Anayeng'oa injini na kuweka mota ya umeme ajiandae kurudi kwenye namba za kawaida.

Umri huhesabiwa tangu usajili wa kwanza popote duniani, kwa hiyo gari lililonunuliwa California jana halianzi upya.

Bamba jekundu la 07

Hili ni bamba la mkusanyaji. Maandishi yake ni mekundu, na tarakimu huanza na 07. Bamba moja linaweza kuandikiwa magari kadhaa, likahamishwa kutoka gari hadi gari, lakini barabarani hutembea moja tu kwa wakati mmoja. Kodi ni ileile ya mkupuo, inayolipwa mara moja kwa bamba zima. Mwenye magari matano angelipa euro 958.65 kwa H. Kwa 07 analipa 191.73. Ukaguzi wa kila miaka miwili nao hauhitajiki, ingawa gari lazima liwe salama kila linapotoka, na dhamana ya hilo iko kwa mwenyewe.

Unafuu huo una masharti. Gari la 07 huruhusiwa kutoka kwa ajili ya maonyesho na mikutano ya magari ya kale, safari za kwenda na kurudi huko, majaribio, kuhamishwa, na kupelekwa gereji. Kwenda dukani hakumo, wala kwenda kazini, hata kama ofisi iko njia moja na gereji. Mwenye bamba huandika daftari: tarehe, gari lililotumika, jina la dereva, mwanzo na mwisho wa safari. Polisi wakilisimamisha gari, daftari ndilo wanaloomba, na safari isiyoandikwa huweza kumponza mwenyewe akanyang'anywa bamba. Kabla ya kulitoa, ofisi ya usajili huchunguza mwenendo wa mwombaji, ikiwemo rekodi yake ya jinai. Nje ya Ujerumani si kila nchi inalitambua, kwa hiyo anayepanga kuvuka mpaka achague jingine.

Hadi mwaka 2007 gari la miaka 20 lilitosha kwa 07. Kanuni mpya za mwaka huo zilipandisha umri hadi 30.

Kwa mwenye gari moja tu, bamba jekundu ni kazi nyingi bila sababu. Hushawishika kwa kukwepa ukaguzi, kisha hugundua kwamba hawezi kwenda kunywa kahawa Jumapili bila kuvunja sheria.

Msimu na kupokezana

Bamba la msimu huwa na namba mbili za miezi upande wa kulia, moja juu ya nyingine: 04 juu na 10 chini ni Aprili hadi Oktoba. Msimu huanzia miezi 2 na hauzidi 11. Nje ya miezi hiyo gari haliendeshwi wala haliegeshwi kwenye barabara ya umma, hivyo asiye na gereji au kiwanja asilifikirie. Kodi na bima hukatwa kwa siku za msimu. Tangu Oktoba 2017 msimu unaweza kuunganishwa na H, na kwa Aprili hadi Oktoba kodi ya mkupuo hushuka hadi takriban euro 112. Kwa nchi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo ndiyo adui wa kwanza wa bodi za chuma, gari zuri lingelala gereji wakati huo kwa vyovyote. Muunganiko huu ndio ningemshauri mwenye gari moja la injini kubwa.

Bamba la kupokezana, lililoanzishwa mwaka 2012, hutumiwa na magari mawili ya kundi moja. Linasikika vizuri mpaka mtu ajue kwamba kodi hulipwa kamili kwa yote mawili.

Bima

Kampuni za bima zina vigezo vyake. Nyingi huuliza kama mteja ana gari jingine la kila siku, mahali gari la kale linapolala, na kilomita zitakazotembea kwa mwaka. Nyingine hukubali gari la miaka 20 lisilo na H. Kwa hiyo bei ya bima iulizwe kabla ya kuomba bamba, kwa sababu mara nyingine nafuu inayotarajiwa kutoka kwa H inapatikana bila hiyo.

Kwingineko

Uingereza imechukua njia nyingine. Kundi lake la magari ya kihistoria huanza kwenye miaka 40, kodi yake ni sifuri, na tangu Mei 2018 magari hayo yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, isipokuwa yale yaliyobadilishwa sana. Hata sifuri hiyo lazima iombwe kila mwaka. Gari lisilo na ushahidi wa umri au asili yake hupewa namba inayoanza na Q, ambayo hushusha bei yake mara moja.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona mambo yamegeuzwa. Kenya huzuia uingizaji wa gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Huko umri ni mzigo tangu bandarini. Ujerumani, gari likishavuka miaka 30 na likawa zuri, uzee wake huanza kupewa fadhila.

Nafasi kwenye bampa

Bamba la Ujerumani haliruhusiwi kuzidi herufi na tarakimu nane kwa jumla, na H ni mojawapo. Mwenye namba ndefu anayehamia H huenda akalazimika kubadili namba. Magari ya Marekani yana tatizo zaidi: sehemu ya bamba nyuma ni fupi, na bamba refu la kawaida haliingii bila kukata chuma, jambo ambalo mkaguzi hatalifurahia. Anayesajili gari la namna hiyo apime nafasi kwa rula nyumbani, kisha aombe namba fupi siku ileile ya usajili, kabla mabamba hayajachapwa na kulipiwa.