Kuku wa Uani na Msiba wa Kideri

Katika taarifa ya mwaka ni desturi kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Safari hii twaona ni wajibu wetu kuitaja akiba isiyoandikwa katika daftari lo lote, nayo ni kuku wa uani.

Tangu zamani, Likoni, Kisauni na Changamwe, kuku ndiye hazina ya mama wa nyumbani. Ng'ombe ataka malisho mapana, na mbuzi ataka mchungaji. Bali kuku hujitafutia riziki yake chini ya minazi. Akija mgeni, jogoo huchinjwa; mtoto akidaiwa karo, matetea wawili huvushwa kwenda kuuzwa kisiwani. Lilipofunguliwa daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, watu wa Kisauni nao walipata njia nyepesi ya kufikisha mazao yao mjini.

Lakini njia ipitishayo mali hupitisha na maradhi. Mwaka 1926 ugonjwa mpya wa kuku ulitambuliwa katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo katika Newcastle, mji wa bandari huko Uingereza, ukapewa jina la mji huo. Mwaka 1935 ulionekana karibu na Mombasa, na hapo ndipo habari zake zilipoandikwa kwa mara ya kwanza katika Afrika ya Mashariki. Sisi twauita kideri.

Dalili zake twazijua: kuku huzubaa, mbawa zikalegea, akahara kijani, na pengine shingo ikapinda. Banda lililojaa jioni laweza kuwa tupu kabla ya juma kwisha. Dawa ya kuuponya haikupatikana hata leo.

Kosa letu moja limeusaidia sana ugonjwa huu. Mtu akiona kuku wake wanaanza kufa, huficha habari, akawahi sokoni kuwauza waliobaki. Hatumlaumu kwa ukali, maana aokoa alichoweza. Lakini tenga lililobeba kuku hao hubeba pia msiba wa nyumba nyingine.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Australia walitengeneza chanjo iitwayo I-2, istahimiliyo joto kuliko nyingi zilizoitangulia. Tone moja hutiwa katika jicho la kuku aliye mzima, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Kwa hiyo majirani wakichanga pamoja, gharama huwa ndogo, na mtaa mzima hukingika.

Wazee walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi twawasihi wanachama wamfunge mgeni huyo mbali na wenzake kwa majuma mawili, na atakayeona dalili amwambie jirani siku ile ile. Hakuna aibu katika kupatwa na msiba. Aibu ni kuupeleka kwa mwenzio.