Maua Yaliyoshitakiwa

Mwezi wa Juni 1719, katika mitaa ya London, mwanamke aliyetoka nyumbani amevaa nguo ya pamba yenye maua hakuwa na hakika ya kurudi nayo mwilini. Wafumaji wa hariri na sufu wa Spitalfields walikuwa wakiwaandama wanawake wa namna hiyo, wakiwararulia nguo mchana kweupe na kuwamwagia wino. Kosa lao lilikuwa ni maua, na maua hayo yalitoka Bara Hindi.

Nguo yenyewe ilikuwa chiti, pamba laini iliyochorwa kwa mkono na mafundi wa pwani ya Coromandel. Siri yake haikuwa katika kalamu peke yake. Fundi alitangulia kupaka shabu pale alipotaka wekundu, na maji ya chuma pale alipotaka weusi, kisha akaichemsha nguo katika rangi ya mizizi. Sehemu zisizotakiwa kuingia buluu alizifunika kwa nta kabla ya kuichovya nguo katika nili. Rangi hiyo ilishika ndani ya uzi, ikifuliwa haichujuki. Kwa upande wa pamba, Ulaya ya zama hizo haikuwa na ujuzi wa kulingana nao.

Kwa chiti zilishonwa sketi za kufika kwenye vifundo vya miguu. Vipande vilivyonyooka viliunganishwa, vikatiwa marinda na kushikizwa kiunoni kwa utepe. Ubavuni ukaachwa upenyo wa kupitishia mkono hadi kwenye mfuko uliofungwa ndani. Nyingi zilitiwa bitana, na nyengine zikajazwa sufu katikati ya tabaka mbili na kupigwa mistari ya sindano ili zihimili baridi. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko ujira wa mshonaji, kwa hivyo hakikukatwa ovyo. Sketi kuukuu ilifumuliwa ikashonwa upya, na kipande kilichosalia kikarejea kashani kungoja siku yake.

Ufaransa ilikuwa imezipiga marufuku nguo hizi tangu 1686. Uingereza ilianza na sheria ya 1700, iliyozuia kuziingiza kwa matumizi ya nchini; kisha sheria ya 1721 ikakataza hata kuzivaa, kuanzia Krismasi ya 1722. Aliyepatikana nayo mwilini alitozwa pauni 5, na fedha hizo akapewa aliyemshitaki. Hivyo jicho la jirani likageuzwa kuwa jicho la serikali, na sketi iliyoshonwa kwa halali ikawa ni ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Hata hivyo, haitakuwa insafu kuwasimulia wafumaji kana kwamba walikuwa wahuni tu. Vitanda vyao vya kufumia vilikuwa vimesimama na watoto wao wana njaa. Daniel Defoe, mtunzi wa *Robinson Crusoe*, aliwaunga mkono kwa kalamu yake. Ila hasira yao haikuwafika wafanyabiashara wakubwa walioleta marobota. Iliishia kwa mwanamke apitaye njiani.

Marufuku yenyewe hayakudumu. Ufaransa iliyaondoa 1759, na mwaka uliofuata Oberkampf akafungua karakana yake ya kupiga chapa vitambaa huko Jouy. Uingereza iliruhusu 1774, lakini kwa pamba iliyofumwa nchini mwake. Wachapaji wake walikuwa wamekwisha kujifunza, na mashine za Lancashire zilikuwa njiani. Mfumaji wa Spitalfields hakuokoka, na mchoraji wa Coromandel akanyang'anywa soko lake na walioiga kazi yake.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilikuwa vikipiga chapa kanga za kuuzwa Zanzibar na Mombasa. Ujuzi uliotoka upande mmoja wa Bahari ya Hindi ukarudi upande wa pili kwa jina la Ulaya. Baadhi ya chiti za zamani zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Walioziogopa wamekwisha kuondoka. Wekundu wa shabu na mizizi ungalipo.