Kioo Kilichogeuka Kauri

Chombo cheupe cha jikoni cha CorningWare kilizaliwa kioo, na elimu iliyokigeuza ilitokana na hitilafu ya tanuri. Mwaka 1953, katika mji wa Corning, jimbo la New York nchini Marekani, mkemia S. Donald Stookey alitia tanurini kipande cha kioo chenye chembe za fedha, akikusudia joto la nyuzi 600. Lakini kidhibiti cha joto kikaharibika, likapanda hata kufikia 900, naye akawa na yakini ya kuwa atakuta kioo kimeyeyuka na tanuri limeharibika. Alipofungua alikuta kipande kizima, cheupe kama maziwa. Na kilipomponyoka kikaanguka sakafuni, kililia mfano wa chuma, wala hakikuvunjika.

Siri yake, nayo yastahili kutazamwa kwa taamuli, ni hii: chembe za kioo hazina nidhamu, lakini kioo kikitiwa dawa kama oksidi ya titani, kikaundwa umbo kingali laini, kisha kikapashwa moto mara mbili, kwanza hutokea mbegu ndogo mno, na baadaye, joto lizidipo, juu ya kila mbegu hukua fuwele, hata karibu kioo chote kikawa fuwele zilizoshikamana bila kitundu. Ufa huzuiliwa na fuwele hizo. Na kwa kuwa aina hii ya kauri iliyotokana na kioo hutanuka kidogo mno ipatapo joto, vyombo vya CorningWare, vilivyotolewa sokoni mwaka 1958, viliweza kutoka kwenye barafu vikaingia motoni.