Mrija na Pazia la Shahamu: Kutoka Kurtuba hadi Toronto

Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake Al-Tasrif namna ya kumtibu mwenye istiska: tumbo litobolewe, utiwe mrija laini wa fedha au shaba, maji yatoke kwa kipimo, wala si yote kwa mara moja. Mrija ule ulikuwa wa kutoa tu. Baadaye ulipewa kazi ya pili, kuingiza.

Mwaka 1923 Mjerumani Georg Ganter alijaribu kwa binadamu kusafisha damu kwa kutia maji ya chumvi tumboni. Utando unaofunika matumbo hupitisha taka za damu, kisha maji yakamwagwa. Mwaka 1968 Henry Tenckhoff wa Seattle akaeleza mrija wa silikoni wenye vikuku vya kitambaa vinavyoshikana na nyama, ukaweza kudumu mwilini. Kisha Dimitrios Oreopoulos, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Hospitali ya Toronto Western, akaacha chupa za kioo mwaka 1977 na kutumia mifuko ya plastiki. Mgonjwa aliukunja mfuko chini ya nguo, akaenda zake.

Lakini uhuru huo wote ulitegemea mrija mmoja. Tumboni mna pazia la shahamu, ambalo Waarabu huliita tharb. Kila aliyechinja mbuzi analijua. Pazia hilo hukumbatia kitu kigeni, matundu ya mrija yakaziba. Maji huingia, yasitoke. Toronto Western waliunda mrija wenye visahani vya silikoni vya kulizuia. Vilisaidia, havikumaliza tatizo. Mara nyingi mrija ulichomolewa, na mgonjwa akarudi kwenye mashine.

Jibu lilitoka kwingine. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alikuwa amechungulia ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Leo, kwa upasuaji wa matundu madogo, daktari huingiza kamera, huunasua mrija, hulishona pazia juu lisishuke tena, na kuirudisha ncha kwenye nyonga. Mrija uleule huendelea na kazi.

Baadhi ya wazee wetu ughaibuni husafisha damu nyumbani, baina ya sala na sala. Maji yakikataa kutoka, huenda sababu ni choo kigumu tu; na ikiwa ni pazia, kuziba kwa mrija si lazima kuwe mwisho wa kutibiwa nyumbani. Waulize mapema kama hospitali yao ina daktari wa kazi hiyo.